Leta na Mguu Mzima

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie maneno mawili matatu ya busara, kwa kuwa nyinyi mnaingia kazini na mimi nimetoka. Busara sina. Nilicho nacho ni visigino. Nimepiga picha za eksirei visigino vya watu wa Lodwar na Kakuma kwa miaka mingi mpaka leo nikikutana na mtu sokoni namtazama miguuni kwanza, uso baadaye. Kuna mama mmoja muuza samaki wa Kalokol alininunia msimu mzima akidhani nayadharau malapa yake. Nilikuwa naangalia kifundo chake tu, kilikuwa kimevimba.

Mnaniita Mama Picha, na mnadhani ni jina la heshima. Lilianza kwa fujo. Lodwar wakati huo ilikuwa na Mama Picha mwingine, aliyepiga picha za pasipoti karibu na stendi, na watu walituchanganya. Nilishampokea bwana mmoja aliyevaa koti na tai kwenye joto lile letu, amejipaka mafuta usoni, akaniuliza asimame wapi. Nikamwambia alale. Alitoka mbio, na koti lake.

Siku hizi mna raha. Mnabonyeza, na picha iko kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajashusha pumzi. Ikiwa nyeusi mno mnaipausha, ikiwa nyeupe mno mnaikoleza, na ikikataa kabisa mnamtumia rafiki kwa simu awasaidie kubahatisha. Sisi tulikuwa na filamu, na filamu ilitoka Kenya. Msicheke. Huku kwetu mtu akipanda gari la Kitale tulisema anakwenda Kenya, na akirudi tulimuuliza Kenya hawajambo. Basi filamu zilikuja kwa lori kutoka huko Kenya, na mto mkavu ukiamua kujaa maji siku hiyo, lori lililala upande wa pili na wenye mifupa iliyovunjika wakalala upande wetu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Barasa, Mluhya wa Bungoma, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alikuja Turkana kwa uhamisho wa muda, akazeekea hapa. Barasa aliipenda filamu kuliko jamaa zake. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mgonjwa mmoja filamu moja, na anayetaka ya pili aeleze kwa Mungu. Ya pili, tazama mfupa, kwa sababu nyama ni ukungu tu. Mfupa ukiwa mzima, mgonjwa ni mzima, aende zake. Nimewaona watu wakitoka pale wakichechemea, wamepewa habari njema kwamba hawaumwi.

Nami nilimwamini. Ukiwa mwanafunzi na mwalimu wako anakujazia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, utaamini hata kwamba nyama ni ukungu.

Lakini hapa kwetu, watoto wangu, ugonjwa wa mguu huanzia kwenye nyama. Huanzia kwenye mwiba. Mtu anachunga mbuzi tangu hajaota meno ya pili, na kila kichaka kina silaha. Mwiba ukiingia, mara nyingine huingia na kuvu wa udongoni, na kuvu huyo hana haraka. Anakaa chini ya ngozi mwaka, miaka, anajenga nyumba polepole kama mtumishi wa umma. Uvimbe unatokea, lakini hauumi. Kisha vitundu vidogo. Kisha vitundu vinatoa punje nyeusi kama mbegu za mchicha. Vitabu vinauita maisetoma. Wazee wetu waliuita mguu tu, kwa sababu kila mtu alijua ni mguu gani unaosemwa. Na kwa kuwa hauumi, mtu haji hospitali. Kwetu hata kinachouma hupewa kwanza muda wa kujirekebisha. Anakuja kuvu ameshaingia mfupani, na hapo kilichobaki ni msumeno.

Sasa niwaambie habari za mzee Lokiru, maana bila yeye ningestaafu nikiwa bado naitazama mifupa.

Lokiru alitoka upande wa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Alikuwa emuron, mpiga ramli, na alipiga ramli kwa viatu. Mliozaliwa hapa mnaijua kazi hiyo. Kwa wenzenu mliotoka mbali nieleze kidogo. Mtu ana shida, anakwenda kwa emuron, anaketi. Hasemi shida yake. Akiisema, ramli itakuwa na kazi gani? Emuron anachukua jozi ya viatu, anairusha, inaanguka. Kimoja kimelala kifudifudi, kingine chali, kimoja kimeelekea machweo, kingine kimepanda mgongo wa mwenzake. Anasoma. Akikosea, unaondoka kimyakimya na kumtafuta mwingine. Akipatia, unajua huyu ana macho.

Alikuja na binti yake Asekon, mwalimu wa nasari pale mjini, ambaye alikuwa amembembeleza babake tangu kiangazi kilichopita. Mzee alivua akala zake za tairi mlangoni, akaingia na fimbo na kigoda chake, miguu yote miwili imefungwa vitambaa kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo. Karatasi ya zahanati ilisema mguu umevimba. Haikusema upi.

Nikasalimia, "Ejok." Akaitikia. Nikamuuliza ni mguu gani unaomsumbua. Alinitazama kwa huruma kidogo, vile mnavyonitazama mimi nikishindwa kufungua simu.

"Mimi sisemi," akasema. "Chombo chako ndicho cha kusema."

Asekon akafungua mdomo. Mzee akainua kidole, mdomo ukafungwa. Nikamwomba basi afungue vitambaa nione mwenyewe. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wanasema chombo hiki kinaona mpaka ndani ya mwili. Kitambaa kitakishinda?"

Nje foleni ilikuwa imezunguka jengo. Mzee akapanda mezani mwenyewe, akalaza mguu wa kulia kwa ubavu. Nikasema haya, ndio huo basi. Nikaweka herufi ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kulia, nikapiga, nikaingia chumba cha giza, nikachovya kwenye dawa, nikangoja, nikatoka na filamu inachuruzika maji. Kisigino safi. Kano safi. Kila kitu mahali pake. Nikamwambia mzee, ijapokuwa si kazi yetu kumwambia mgonjwa, kwamba mguu huu hauna kitu.

"Kweli," akasema Lokiru. "Huo hauna kitu."

Akashuka, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufungua kitambaa cha mguu wa kushoto, taratibu, zunguko baada ya zunguko. Kisigino kilikuwa kimevimba upande wa ndani, kigumu, na vile vitundu, na zile punje nyeusi zimeganda kwenye kitambaa.

Nilikasirika. Nilimsema mzee yule maneno ambayo mtoto wa kijijini Katilu hapaswi kumwambia mtu wa rika la baba yake. Filamu nzima, imetoka Kenya kwa lori, imekwenda kwenye mguu mzima. Alinisikiliza mpaka nikaisha. Kisha akanieleza: kila mtu aliyeuona mguu ule alimwambia utakatwa. Yeye hakuwa anakataa. Lakini hawezi kumpa mtu mguu wake kwa neno la shahidi ambaye hajamjaribu. Sasa amemjaribu. Chombo kimeona mguu mzima, kikasema mzima, hakikubuni ugonjwa ili kumfurahisha. Kwa hiyo kikisema huu wa pili ukatwe, atakubali.

Barasa alipopata habari za filamu ya pili, sauti yake ndogo ilizidi kuwa ndogo mpaka ikabidi tumsogelee ili tugombezwe. Ile ya mguu mzima aliichukua, akaitazama kwa uchungu, akaibandika dirishani mahali kioo kilipokuwa kimevunjika, ili angalau ituzuilie vumbi. Nikapiga mguu mgonjwa, akiwa amesimama nyuma yangu kama askari.

Filamu ya pili ilinitisha. Niliuona mfupa wa kisigino una shimo. Katikati yake, chini kidogo, palikuwa na sehemu nyeusi, tupu, kama panya alikula. Nilikwishaona visigino vilivyoliwa na kuvu, nikajua nimeona kingine. Sikumwambia mzee. Safari hii niliikumbuka sheria ya kutomwambia mgonjwa.

Daktari wa upasuaji hakuwa wetu. Alikuja kwa ndege ya siku maalumu, akakata vilivyopaswa kukatwa, akaondoka. Alikuwa mtu mzuri, mwenye haraka, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Alitazama mguu, akatazama filamu kwenye taa, akaweka kidole kwenye lile shimo. Akasema mfupa umeshaingiliwa, na ukiachwa utapanda. Ukatwe chini ya goti, kesho yake asubuhi.

Asekon alilia. Ndiye aliyemleta babake kwa nguvu, na sasa alijiona amemleta machinjoni. Yule mzee alitembea nyuma ya mbuzi, na alitembea boma kwa boma kurusha viatu, siku nyingine kutwa nzima kwa miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na heshima yake. Kwenye foleni walishaanza utani, maana watu wetu hawangoji maiti ipoe. Mmoja aliuliza, mpiga ramli mwenye kiatu kimoja atarusha nini, na kitaanguka juu ya nani. Mzee mwenyewe alicheka. Asekon hakucheka, na mimi sikucheka.

Mimi ndiye niliyemtafsiria daktari. Lokiru alisikiliza, akaupapasa mguu wake kama anavyopapaswa mbuzi aliyekwisha kuuzwa. Kisha akasema:

"Chombo hakikunidanganya mara ya kwanza. Nimekubali. Lakini kwetu shahidi hasemi akiwa peke yake. Mwite na yule wa kwanza, yule aliyesema kweli, nimwone."

Nikatafsiri. Daktari akauliza, wa kwanza yupi? Nikaona aibu. Nikaenda dirishani, nikaibandua filamu ya mguu mzima, vumbi limeganda upande mmoja na alama za utepe kwenye pembe. Nikaipangusa kwa kanga yangu, nikaiweka kwenye taa kando ya mwenzake. Nilidhani mzee anataka kuuaga mguu wake, na mtu anayeaga hanyimwi picha.

Daktari akamwonyesha mzee kwa kidole: huu mzima, huu mgonjwa, hapa ndipo shimo lilipo. Kidole kikahama kwenda upande wa pili kumwonyesha mahali pasipo na shimo. Kikasimama.

Shimo lilikuwepo. Mahali palepale, umbo lilelile, weusi uleule, kwenye mguu ambao haukuwa na kitu.

Daktari akakipeleka kidole shimo kwa shimo. Kisha akasema, "Kama hili ni ugonjwa, basi tukate yote miwili."

Hapo ndipo nilipojifunza ambacho nyinyi mnafundishwa wiki ya kwanza mkisinzia. Mfupa wa kisigino, hata cha mtu mzima kabisa, katikati yake kuna mahali ambapo mfupa ni hafifu. Kwenye picha panaonekana tupu. Ukiwa na afya hakuna anayepaangalia. Ukija na uvimbe na vitundu na punje nyeusi, kila mwenye macho anapaona na kutetemeka, mimi wa kwanza. Tulikuwa karibu kuukata mguu wa mzee kwa sababu alizaliwa na kisigino kama cha watu wengine.

Na tulipokwisha kuuacha mfupa, tukauona ule ukungu wa Barasa. Mbele ya kano nene ya nyuma ya kisigino kuna pembe tatu ya mafuta. Kwenye picha ya mguu mzima ilikuwa wazi, yenye mipaka safi, nyeusi kuliko nyama inayoizunguka. Kwenye mguu mgonjwa haikuwepo. Imejaa, imekuwa kijivu, mipaka imefutika. Ugonjwa wote ulikuwa pale, kwenye nyama, umekaa unatutazama na sisi tunahangaika na mfupa. Kuvu hakuwa amefika mfupani. Kilichotakiwa kukatwa kilikuwa uvimbe, si mguu, na baada yake vidonge vya muda mrefu.

Daktari akageuka, akauliza ni nani aliyekuwa na akili ya kupiga picha mguu wa pili kwa kulinganisha, maana huko alikotoka anaomba na hapewi. Nikainama chini. Mwalimu Barasa, aliyekuwa mlangoni na uso wa mtu aliyefiwa na filamu, akajinyoosha.

"Ni utaratibu wetu hapa, daktari," akasema.

Na tangu siku ile ukawa utaratibu wetu. Baadaye Barasa alialikwa kwenye semina Eldoret kuueleza utaratibu huo, akarudi na mkoba na kofia. Kofia alinipa mimi. Alikufa akiamini aliubuni yeye, na kwa kweli sikuona sababu ya kumharibia. Mimi nilijua tulifundishwa na mzee aliyetudanganya kwa mguu mzima, tukamtukana kwanza.

Msidhani hadithi iliishia kwenye taa ile. Daktari alimwambia Lokiru wazi kwamba kuvu huyu hurudi, na akirudi msumeno utakuwa bado uko. Uvimbe ukatolewa, mzee akapewa vidonge, na kwa muda mrefu sana mguu ule ulikuwa wake kwa mkopo. Asekon alimfuatilia. Mzee alipohamisha mbuzi, mwalimu wa nasari alipanda pikipiki na kumfuata na vidonge huko Loima, akamwangalia akimeza, akamwambia afungue mdomo aone, kama anavyowafanyia watoto wake wa darasani. Mara mbili mzee aliamua amepona na kuacha. Mara mbili Asekon alikaa bomani kwake na kukataa kula mpaka alipoanza tena.

Mimi wakati huo nilihamishiwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, na Kakuma ilinikutanisha na altrasaundi. Mashine hiyo nilianza kwa kuidharau. Niliona mvua ya kijivu tu, na kijana aliyekuja kutufundisha alisema huu ndio msuli, hii ndiyo kano, na mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku naona mvua. Lakini ukungu ndio kazi yake. Mwiba wa mti hauonekani kwenye eksirei, hata ukiwa mrefu kama kidole. Kwenye altrasaundi unang'aa kama uzi mweupe, na chini yake kivuli.

Shida ya kwetu ni ngozi. Kisigino cha mtu aliyetembea maisha yake yote kimepasuka kama ardhi ya ziwa lililohama, na kwenye nyufa mna hewa, na altrasaundi na hewa hawasalimiani. Kitabu hakikusema nifanye nini. Nilichofanya, nilinunua beseni. Loweka mguu maji ya uvuguvugu wakati mgonjwa bado yuko kwenye foleni, atulie, apige soga. Kisha jaza maji kwenye glovu, funga, weka katikati ya ngozi na mashine, na jeli juu na chini. Utaona mpaka usichotaka kuona. Mkubwa wetu mmoja aliliona beseni akauliza kama nimefungua saluni. Nikamwambia karibu, leta miguu.

Na bado nilipiga yote miwili. Hodan, mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa kambini, aliletwa na kisigino cha kulia kinamuuma asubuhi akikanyaga chini. Eksirei ilionyesha mwiba wa mfupa umeota chini ya kisigino. Kila mtu akafurahi, adui kaonekana. Mimi nikasema, leta na mguu mzima. Mguu mzima ulikuwa na mwiba wa mfupa mrefu zaidi, na haujawahi kumuuma hata siku moja. Ugonjwa ulikuwa kwenye utando mnene wa unyayo, umevimba kwenye altrasaundi. Viatu laini na kunyoosha mguu kila asubuhi, akapona. Kwa muda mrefu baadaye alininyima ruhusa ya kulipia kitambaa, na mimi nikawa mwangalifu kupita dukani kwake mchana tu, akiwa amekwenda kusali.

Siku moja Lokiru akaja Kakuma. Lodwar wangemtazama vilevile, lakini alipanda lori la mkaa mpaka kwangu, na Asekon pembeni yake amejaa vumbi na wasiwasi. Vidonge vilikuwa vimekwisha. Daktari alitaka kujua kama kuvu ameondoka au amejificha. Kama amejificha, mguu uende. Asekon hakukaa kitini. Alisimama ukutani, akishika mkoba kwa mikono miwili.

Nilileta beseni. Nikamwambia mzee aweke mguu. Aliweka wa kulia.

Sikugomba. Nikauloweka, nikaupitisha mashine kwa makini kana kwamba ndio mgonjwa, mpaka pembe ile ya mafuta ikaonekana, safi. Kisha akatoa wa kushoto. Palikuwa na kovu refu na ngozi iliyokunjamana. Nilipitisha mashine upande wa ndani, nyuma, chini, nikarudi tena. Nilikuwa natafuta zile punje, hung'aa kama chumvi iliyomwagika. Nilitafuta mpaka shingo ikaniuma. Pembe ya mafuta ilikuwa imerudi, imepinda kidogo, lakini ya kwake.

Nikasema, "Hauna kitu."

Mzee akauliza, "Upi?"

"Yote miwili."

Asekon aliteleza ukutani akakaa sakafuni, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mimi pia machozi yalinitoka, nikasingizia jeli. Lokiru peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Alitoka nje hadi mlangoni, kwa miguu yake miwili, akaokota akala zake, akazirusha kwenye korido ya hospitali mbele ya foleni nzima. Sikuuliza zimesema nini. Yeye akaziokota na kuniletea usoni, akazigeuza nyayo juu.

Hii ndiyo kazi yangu, akaniambia, na wewe umenipokea mara mbili bila kuitazama. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelika kisigino mpaka waya za tairi zinaonekana. Cha kushoto kilikuwa karibu kizima, kwa sababu mtu hauegemei mguu asiouamini. Siku ile ya kwanza Lodwar, akala zake zilikaa mlangoni kwangu zikisema ni mguu gani, na mimi nikazipita kwenda kuwasha umeme.

Nilimuuliza kama basi hiyo ndiyo siri ya ramli, kutazama nyayo za viatu. Alisema siri ya ramli si ya kuulizwa korido. Kisha akasema: "Nawe siku yako ikifika, usiwaambie. Waache watafute."

Alitembea kwenda stendi. Foleni yote ilimtazama miguu.

Siku yangu imefika mwaka huu. Kisigino cha kushoto, asubuhi nikishuka kitandani, nakanyaga kaa la moto. Nyuma yake pana uvimbe mdogo. Haya, nacheka, lakini nimekulia Katilu pekupeku, nimechomwa na kila mwiba uliopandwa na Mungu, na najua kuvu hana haraka. Sikumwambia mtu. Nikaenda Kakuma kimya, nikaketi kwenye foleni niliyokuwa naipanga mimi.

Chumba changu amekikalia binti anaitwa Furaha. Wazazi wake walitoka Kongo, yeye amekulia kambini, anasema Kiswahili cha kwao kikichanganyika na cha Nairobi. Hakunijua, mimi ni mwanamke mzee na kanga. Beseni bado lipo, limepasuka ukingo. Nilivua malapa mlangoni, nikaingia. Akaniuliza ni mguu gani. Nikamwambia mimi sisemi, chombo chako ndicho cha kusema. Nikaweka mguu wa kulia.

Hakubishana. Aliulowesha, akaufuta, akaupitisha mashine pole pole, mbele, nyuma, chini ya unyayo, na mimi nimelala pale natazama dari nililolitazama miaka yote, kama msichana anayengoja matokeo ya mtihani. Nilimsubiri akosee. Nilitaka akosee kidogo, nimwonyeshe. Pia niliomba asikosee, maana kisigino ni changu.

Akaiondoa mashine mguuni. Akatazama mlangoni, kwenye malapa yangu.

"Huu uko sawa, mama," akasema. "Na lapa yake imeisha yote nyuma. Leta mguu ile ingine sasa, ile unaogopa."

Nikauleta.